Vibao vya Historia Vyenye Ubahili wa Maneno

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa kuiona Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam. Akaniuliza: "Mjomba, huyu alipigana na nani?" Jibu lake limeandikwa wapi? Maandishi yaliyowekwa hapo mwaka 1927 yanawaenzi askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini hayamwambii mtoto kwamba awali palisimama sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916.

Hivi nani aliamuru kwamba vibao vya historia viwe bubu? Nenda popote mjini: kibao kimepigiliwa juu kama kimeandikwa kwa ajili ya twiga, rangi imebambuka, tarakimu ya mwisho ya mwaka imeliwa na kutu, na mbele yake zimeegeshwa bajaji tatu!

Kinachoniuma zaidi ni wapagazi. Walibeba risasi na unga vichwani, wakifuata majeshi hadi Mahiwa, kule Lindi, ambako Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano ya kutisha kwa siku nne. Walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Majina yao yako wapi? Walizaliwa bila majina?

Mpwa wangu alisubiri, macho yameganda kwenye singe ya yule askari inayoelekea bandarini, nami nikamsimulia ninayoyajua huku honi za daladala zikiimeza sauti yangu.