Gesi ya Kivu: mnara wa maji unahukumiwa vibaya

Kati ya mafundi wa Goma na Bukavu wapo wanaosema kuwa kuosha gesi ya Ziwa Kivu kwa maji mnarani, ili ibaki methani, gesi inayowaka, ni ufundi wa kizamani unaopoteza sehemu ya methani hiyo, afadhali kemikali za amini. Kweli, amini hukamata kaboni dioksidi na hidrojeni sulfidi, gesi yenye sumu, ikaacha methani ipite karibu yote.

Lakini amini ikishiba lazima ichemshwe hadi nyuzi 120 hivi ndipo iachilie ilichokamata, na joto hilo linatoka kwenye methani ileile iliyookolewa. Uchafu ukiingia, hufanya povu na mnara unafurika. Kisha kaboni dioksidi iende wapi? Ni nzito mara 1.5 kuliko hewa, na mkaaji wa Goma anayajua mazuku, yaani mabonde ambamo gesi hiyo hutuama na kuua. Hidrojeni sulfidi iliyochanganyika nayo, ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni, huua uwezo wa pua kuinusa.

Gesi ghafi ya Kivu ina methani kama robo tu. Karibu yote iliyobaki ni kaboni dioksidi. Kwa presha ileile, kaboni dioksidi huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko methani, na sulfidi huizidi hata hiyo karibu mara 3. Maji yakinyunyizwa juu ya mnara huku gesi ikipanda kutoka chini, zote mbili huondoka kwa nguvu ya pampu. Kituo cha umeme cha KivuWatt cha Rwanda, megawati 26, hutumia njia hii.

Na methani iliyoyeyuka? Maji yapitie tangi la presha ndogo: methani hutangulia kutoka, ikarudishwa kwenye kompresa, mashine ya kukandamiza gesi. Presha ikishushwa mno, kaboni dioksidi nayo hufuata, na kompresa inaizungusha bure. Sulfidi iliyoponyoka imalizwe na chujio la oksidi ya chuma, kwani ikiungua huzaa asidi inayokula injini. Chujio lililochoka lilowekwe kabla ya kufunguliwa. Likipata hewa likiwa kavu huweza kuwaka.

Penye hatari hasa ni maji yaliyokwisha kuosha. Yakimwagwa kwenye mita 60 hivi za juu, zenye oksijeni, yatawadhuru sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili. Yakishushwa ovyo, yatavuruga matabaka yanayofungia gesi chini. Bomba liyafikishe kwenye tabaka la ziwa lenye uzito sawa na wa maji hayo. Urefu huo ni gharama, na mwenye mradi atashawishika kuupunguza. Kwa hiyo mkataba upande wa Kongo utaje kina hicho kwa mita, na udai vipimo vya chumvi na sulfidi pale mdomoni mwa bomba.