Pepo Hahitaji Mamilioni

Nimetazama filamu nyingi za watu waliopagawa, na ninazozirudia ni zile za bei ndogo: nyumba moja ya kuazima, waigizaji wanne watano wasiojulikana, kamera moja, usiku mwingi. Huwa zinadharauliwa kabla hazijatazamwa. Mimi naamini hakuna hadithi ya kutisha inayovumilia ufukara kama hii. Ya vita inadai majeshi, ya majitu inadai jiji zima la kubomoa. Ya pepo inadai mtu mmoja tunayemjua aanze, mbele ya macho yetu, kuwa mtu tusiyemjua.

Mwaka 2006 Oren Peli, mtengeneza programu za michezo ya kompyuta ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu, alipiga filamu ya pepo iitwayo Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe huko San Diego, Marekani, kwa takriban wiki moja na dola 15,000 hivi. Ilipoenea kwenye majumba ya sinema mwaka 2009 ikaingiza zaidi ya dola milioni 190. Watu huitaja hesabu hiyo kana kwamba jamaa alishinda bahati nasibu. Lakini tazama tukio lile la chumbani. Kamera imetulia inaelekea kitandani, saa kwenye kona ya picha inakwenda mbio, na mwanamke ameinuka usingizini, kasimama kando ya kitanda anamwangalia mwenzake aliyelala. Saa moja inapita, ya pili inapita, naye bado kasimama. Hakuna damu wala muziki. Tukio hilo halikuhitaji fedha, lilihitaji mtu aliyefikiri vizuri kuhusu usingizi: kwamba tukilala hatujui nani anatutazama, hata kama ni yule tunayempenda.

Hata The Exorcist ya mwaka 1973, ambayo haikuwa ya bei ndogo hata kidogo, silaha yake kali kuliko zote ilikuwa koo la mwanamke mtu mzima. Sauti ya pepo ni ya mwigizaji Mercedes McCambridge, aliyevuta sigara na kumeza mayai mabichi ili ikwaruze, ikapachikwa kwenye kinywa cha binti mdogo aliyepagawa. Jaribu kuitazama filamu yoyote ya kupagawa ukiwa umezima sauti. Mimi nimejaribu, na pepo aliniishia pale pale, akabaki msichana aliyepakwa rangi usoni. Ndiyo maana huniuma kuona mtayarishaji mwenye fedha chache akizimalizia kwenye macho meupe na matapishi meusi ya kompyuta, halafu mazungumzo yake yanasikika kama yamerekodiwa ndani ya pipa.

Kosa jingine ni haraka. Dakika ya kumi binti tayari anatambaa ukutani, dakika ya kumi na tano padri kishafika na msalaba anapiga kelele za Kilatini. Sasa nimhurumie nani, wakati huyo binti sijamwona hata akinywa maji? Na huyo padri katoka wapi upesi hivyo? Kanisa Katoliki lilichapisha utaratibu wake wa kupunga pepo mwaka 1614, likaupitia upya mwaka 1999, na padri haruhusiwi kuufanya bila idhini ya askofu wake. Anatakiwa kwanza kujiridhisha kwamba mbele yake hakuna mgonjwa wa kutibiwa hospitalini. Filamu nyingi huruka sehemu hiyo zikiiona ni urasimu. Kwangu mimi ndiyo moyo wa hadithi: daktari anasema kifafa, mama anasema pepo, padri hana hakika, na mwenye mwili anawasikiliza wote watatu kutoka kitandani. Shaka haina gharama yoyote, na inatisha kuliko kichwa kinachozunguka.

Tena shaka hiyo ina kaburi la kweli nyuma yake. Anneliese Michel, mwanafunzi wa Ujerumani aliyekuwa amegunduliwa na kifafa, alifanyiwa ibada 67 za kupunga pepo, akafariki Julai 1976 akiwa na umri wa miaka 23 na uzito wa kilo 30 hivi. Wazazi wake na mapadri wawili walitiwa hatiani mwaka 1978. Hans-Christian Schmid alitoa mwaka 2006 filamu ya Requiem iliyotokana na kisa hicho, na ndani yake haonyeshi pepo hata mmoja. Anatuonyesha binti anayetaka kusoma chuo, kuwa na marafiki, kucheza muziki, na mwili wake unamkatalia. Sandra Hüller, aliyeigiza kama binti huyo, alipewa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, kwenye tamasha la filamu la Berlin. Nilipoimaliza sikuogopa giza. Niliogopa watu wema waliojaa imani chumbani, kila mmoja akiwa na hakika.

Kwa hiyo, wewe unayeandika filamu yako ya kwanza na huna fedha, nakusihi usianze na pepo. Nipe dakika ishirini za huyo binti akiwa mzima. Nionyeshe anavyogombana na mdogo wake, anavyocheka, wimbo anaoupenda kuimba akiosha vyombo. Kisha jioni moja auimbe wimbo uleule, polepole kidogo, akose neno moja tu. Kamera ibaki kwa mama yake aliye chumba cha pili, ambaye ameacha kukunja nguo na anasikiliza.