Ufagio, paspalamu na maji ya mvua Karamoja

Kila anayefundisha kilimo hai huanza na agizo lile lile: usiache udongo uchi, ufunike kwa nyasi zilizokatwa, majani makavu, mabua, chochote. Lipeleke agizo hilo Moroto au Kotido, katika eneo kavu la Karamoja kaskazini-mashariki mwa Uganda, na utakuta uwanja umeshafagiwa kabla jua halijachomoza, mistari ya ufagio bado inaonekana mchangani. Mwenye nyumba atakuona wewe ndiye mchafu.

Nianze kumtetea. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, takriban Aprili hadi Septemba, halafu kiangazi kirefu. Nyasi zikishakauka, moto hausubiri kualikwa, na ukanda wa ardhi tupu kuzunguka nyumba ndio kinga ya bei nafuu kuliko zote. Nyoka anaonekana akiwa mbali. Panya hana pa kujificha. Mtama huanikwa hapo hapo na watoto wakacheza hapo hapo. Anayeshauri majani makavu yatandazwe mpaka kizingitini huenda hajawahi kulala katika nyumba ya nyasi mwezi wa Januari.

Hata hivyo ufagio una gharama yake. Ardhi iliyofagiwa na kukanyagwa miaka nenda rudi hushikana ikawa ngumu kama sakafu. Mvua ya kwanza ikishuka kwa kishindo, maji hayazami. Hukusanyika, hugeuka rangi ya chai ya maziwa, yakatoka mbio langoni yakiwa na vinyesi vya mbuzi, majani na ule udongo laini wa juu ambao mchicha ungeupenda. Baada ya saa moja uwanja umekauka, na rutuba iko barabarani.

Wenye uwezo wana jibu la tatu waliloliona Kampala: paspalamu, nyasi za kupamba uwanja, ua wa michongoma, na kijana wa kumwagilia jioni. Hapa sina subira ya kupima pande mbili. Katika joto kavu nyasi hizo zinaweza kunywa lita nne kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa uwanja wa mita za mraba 50, hizo ni lita 200, yaani jerikeni kumi, kila siku, mahali ambapo kina mama wanapanga foleni kwenye bomba la kupampu. Kando ya Ziwa Victoria sawa. Huku ni anasa inayokausha jirani.

Tatizo gumu zaidi la wapenda kilimo hai ni mchwa. Ukanda wa ng'ombe, yaani nyanda kavu za ufugaji zinazokata Uganda kutoka kusini-magharibi hadi Karamoja, unajulikana kwa wadudu hao. Wilayani Nakasongola mchwa wameacha malisho yakiwa vipara. Tandaza majani leo, na baada ya muda mfupi utabaki na vumbi tu. Wengi hapo hukata tamaa au hukimbilia sumu. Lakini huko Burkina Faso marehemu Yacouba Sawadogo, mkulima aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, alifanya kinyume: alichimba vishimo kwenye ardhi iliyokufa, akaweka samadi, akawaacha mchwa waje. Walipoifuata samadi walitoboa udongo mgumu, na maji yakapata njia ya kuzama. Sisemi mchwa ni rafiki wa kila kitu. Mche mchanga wa kiangazi watauangusha. Ila ndani ya shimo kazi yao ina faida.

Ndiyo maana naona ugomvi wa ufagio na majani umewekwa vibaya. Uwanja mgumu ni mtego wa maji uliokwisha kutengenezwa bure. Mita za mraba 100 zikipata milimita 20 za mvua hupokea lita 2,000. Hata nusu ikipotea, zinabaki jerikeni 50. Fagia karibu na nyumba kama kawaida, halafu chini ya mteremko chimba vishimo na vitalu vilivyo chini ya usawa wa ardhi, jaza samadi iliyooza, panda kunde, bamia, mgagani, na pembeni mlonge au mwarobaini. Matandazo yakae huko, mbali na mlango. Shimo lisiloisha maji kwa wiki nzima lipunguze kina, kwa sababu mbu wa malaria wanahitaji muda mfupi tu kukua.

Kuhusu mbolea za viwandani, kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007 na chenye alama ya Kilimohai, kinazikataza, na anayeuza kwa alama hiyo hana budi kutii. Mwenye bustani ya mboga za nyumbani hahukumiwi na mtu. Mimi bado ningechagua samadi kwa sababu inashika unyevu, na mbolea ya viwandani ikikosa maji huunguza mizizi. Samadi mbichi nayo huunguza, tena huja na mbegu za magugu, kwa hiyo ioze kwanza.

Anayebaki nje ya mpango huu ni mpangaji wa "mizigo", kama Uganda wanavyoviita vyumba vya kupanga vya mstari mmoja vyenye uwanja wa pamoja. Hawezi kuchimba ardhi ya mwenye nyumba, na mifereji ya bati humwaga maji mlangoni kwake. Kwake yeye ni gunia la udongo na samadi ukutani, maji ya kuoshea mchele, na makubaliano na majirani kuhusu kuku.