Hili neno jarida litatumaliza

Cuzo wangu yuko mwaka wa mwisho chuo hapa Kisumu, projekti yake ni gugumaji, ule mmea unaoelea na kufunika maji, la Ghuba ya Winam kwa Ziwa Victoria. Wiki jana akanitumia propozali niangalie, nikaenda moja kwa moja nyuma kwa marejeleo juu hapo ndo mtu hujulikana. Ameandika majarida kumi na mbili. Nikafungua moja moja: nne ni habari za gazeti, tano ni zile stori tamu za magazini zenye picha ya boti imekwama Dunga jua likizama, za kisomi ni tatu tu. Nikampigia. "Lakini bratha, si zote ni jarida?"

Na kusema kweli sikuwa na jibu la haraka. Kiswahili chetu kinaita jarida kile kitu unasoma kwa kinyozi ukingoja zamu, na kile kitu profesa ametoka jasho miaka miwili kukiandika pia ni jarida, halafu vyote ndani yake ni makala. Zamani karatasi yenyewe ilikuambia. Magazini inang'aa, ile ya kisomi imejaa vumbi laibrari, gazeti nalo ndilo mama wa soko la Kibuye amekufungia omena. Siku hizi yote ni PDF kwa simu.

Kwa hivyo mimi huuliza tu, nani aliisoma kabla ichapishwe? Ya gazeti mhariri ameipitia jioni hiyo hiyo mbio mbio, kesho iko barabarani. Magazini ina muda kidogo na wanataka ikuvutie, si dhambi. Ya kisomi inatumwa kwa wataalamu wawili watatu wa fani hiyo, wakati mwingine hawaambiwi ni ya nani, wanaichambua, inarudishwa, mwenyewe analia, anarekebisha, anaituma tena, hiyo safari inaweza kumaliza mwaka mzima. Ndo maana utaona ikisiri juu, yaani muhtasari wake, data ilipatikana vipi, na marejeleo kibao huko nyuma.

Lakini wale malekcha wa "sitaki kuona gazeti hapa" siko nao. 1998 gugumaji lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya ghuba, sasa ukitaka kujua wavuvi walisema nini asubuhi fulani utatoa wapi kama si gazeti la siku hiyo? Ukitaka kujua kama lilipungua kwa sababu ya wale fukusi walioachiliwa walile ama ni hali ya hewa ya El Niño ilichangia, hapo sasa enda kwa waliopima, na utapata wenyewe wanabishana, makala inajibu makala.

Na hata hao wa kupima si malaika. Ile makala ya kuhusisha chanjo ya surua na usonji ilitoka The Lancet, jarida la heshima zake, 1998 hiyo hiyo, ikaja kufutwa 2010. Kuna pia yale majarida yanadai dola zako na makala inatoka siku tatu, nani ameisoma hapo?

Nilimweleza cuzo haya yote, akasema ameshika. Jana amenitumia ingine: ukurasa mmoja na nusu, haina marejeleo, katikati kuna tangazo la godoro, na juu kabisa imeandikwa Jarida la Kimataifa.