Mama, soda isiyo na sukari na habari iliyosikika nusu

Mwezi Julai mwaka 2023 mama yangu, ambaye anaishi Kisesa na amekuwa na kisukari kwa zaidi ya miaka tisa, aliacha soda isiyo na sukari akarudi kwenye soda ya kawaida. Hakufanya hivyo kwa ulafi. Alikuwa amesikiliza ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ukisema kwamba Shirika la Afya Duniani limethibitisha kuwa soda hizo zinaleta kansa, na kwamba ni heri mtu anywe sukari ya miwa ambayo Mungu mwenyewe ameiotesha. Baadaye aliniambia kwamba kisukari amekwisha kukizoea, lakini kansa ilimwua dada yake mbele ya macho yake, kwa hiyo hakuona sababu ya kusitasita. Nilipompeleka kliniki mwezi Septemba, kipimo cha sukari ya damu cha asubuhi kabla ya kula, ambacho kwa karibu mwaka mzima kilikuwa kati ya milimoli 7 na 8 kwa lita, kilisoma 13.4.

Soda haikuwa sababu pekee, kwa maana msimu ule goti lilikuwa likimsumbua na alikuwa amepunguza kutembea. Lakini nilipomwomba anihesabie alichokuwa akinywa, ilikuwa chupa moja kila siku na mbili siku za Jumapili, na muuguzi aliyekuwa akitusikiliza aliweka kalamu chini. Tangu siku ile nimesoma kwa bidii kila nilichoweza kukielewa kuhusu vinywaji hivi, na msimamo wangu ni huu: soda isiyo na sukari si sumu kama inavyosemwa, wala si kinywaji cha afya kama inavyotangazwa, na kwa mtu kama mama yangu kuogopa kile kidogo kulimtumbukiza katika kikubwa.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda akauliza kwa nini mama asinywe maji tu. Kwetu mgeni aliyefika mbali, hasa mtu mzima, hapewi maji matupu akaachwa. Mtoto hutumwa dukani na chupa tupu mkononi, na mgeni huendelea na maongezi huku akijifanya hajaona, mpaka soda iletwe, ifunguliwe mbele yake na kuwekwa kwenye stuli. Msibani, kwenye kutoa mahari, kwenye kipaimara, kreti za soda huhesabiwa kwa uzito uleule unaohesabiwa mchele na nyama. Mama alipoambiwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari, alikatazwa soda kwa sentensi moja, naye akaitikia kwa unyenyekevu, kisha akaendelea kunywa kila alipotembelea watu, kwa sababu kuisukuma chupa aliyonunuliwa na mkwewe kwa shida lilikuwa jambo asiloweza kulifanya. Soda isiyo na sukari ndiyo iliyomtoa katika mkwamo huo. Alianza kubeba chupa yake ndogo kwenye mkoba, akaieleza bila aibu, na watu wakazoea. Kwa hiyo ninapoitetea, naitetea kama mtu aliyeona kazi iliyoifanya.

Sasa turudi kwenye habari yenyewe. Tarehe 14 Julai 2023 kulitolewa matamko mawili kwa siku moja, na ujumbe wa sauti ulibeba moja tu. La kwanza lilitoka kwa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tawi la Shirika la Afya Duniani lililoko Lyon nchini Ufaransa, ambalo liliiweka aspatamu, mojawapo ya vitamu (viambato vya kutia utamu badala ya sukari) vinavyotumika sana katika soda hizi, kwenye kundi linaloitwa 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani lakini ushahidi wake kwa binadamu ni hafifu. La pili lilitoka kwa kamati ya wataalamu wa viambato vya chakula inayoendeshwa kwa pamoja na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kamati hiyo ilipitia ushahidi na kubakiza kiwango kilekile cha zamani ambacho mtu hapaswi kukivuka: miligramu 40 za aspatamu kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku.

Kazi za vyombo hivi viwili hazifanani. Kile cha kwanza huuliza kama kitu kinaweza kudhuru. Cha pili huuliza ni kiasi gani kinachodhuru. Sisi tuliolelewa kando ya Ziwa Victoria tunapaswa kuielewa tofauti hiyo upesi kuliko watu wengine. Kila mmoja wetu anajua kwamba ziwa linaua, na kila mwaka kuna nyumba inayolia kwa sababu yake. Hata hivyo hakuna anayempigia kelele mama anayefua nguo pale ambapo maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Tunauliza kina, tunauliza upepo, tunauliza kama mtumbwi umejaa kupita kiasi.

Katika kundi hilohilo la 2B limo pia jani zima la mshubiri lililokamuliwa, ambao wengi tunauita alovera, na aliyetuma ujumbe ule amekuwa akinywa maji ya mshubiri kila asubuhi kwa miaka. Pombe, ambayo ilikuwa mezani siku ndugu walipomkataza mama chupa yake isiyo na sukari kwenye sherehe moja, imo katika kundi la 1, kundi la vitu ambavyo hakuna tena mjadala kwamba vinasababisha saratani. Nayataja haya bila nia ya kumuumbua ndugu yeyote, kwa sababu walisema kwa upendo. Upendo huo ungemfaa mama zaidi kama ungebeba habari nzima.

Kina chenyewe kinahesabika. Mama ana kilo 70. Ukizidisha mara 40 unapata miligramu 2,800 kwa siku. Kopo moja la soda ya namna hii, kwa makadirio yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani wakati ule, huwa na miligramu 200 hadi 300 za aspatamu, kwa hiyo angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kila siku ndipo avuke kiwango, iwapo hapati aspatamu kwingine. Yeye alikuwa akinywa chupa tatu au nne kwa wiki. Linganisha na chupa aliyorudia: kola ya kawaida huwa na takribani gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100, na chupa ya kioo ya mililita 350 inafikia gramu 37, yaani vijiko vidogo tisa hivi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ni kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Chupa moja ya heshima, kabla hajala ugali wala kunywa chai, ilikuwa imeshaivuka nusu hiyo.

Hesabu hiyohiyo, hata hivyo, inanitia wasiwasi ninapoielekeza kwa watoto. Mtoto wa kilo 20 kiwango chake ni miligramu 800, na kwa kopo lenye miligramu 300 anakuwa amevuka akimaliza la tatu. Ni kweli kwamba hakuna mtoto wa hapa Buswelu anayenunuliwa makopo matatu ya soda isiyo na sukari kwa siku; vibanda vingi vya mitaani kwetu havina hata moja, na mimi humnunulia mama katika maduka makubwa ya mjini. Lakini vitamu hivi vinawafikia watoto kwa mlango mwingine. Chukua pakiti ndogo za unga wa juisi zinazouzwa kwa bei ndogo karibu na shule, zile ambazo mtoto humimina kwenye chupa ya maji akaitikisa mpaka ulimi unageuka rangi, kisha usome maandishi madogo ya nyuma. Katika nilizosoma mimi nimekuta aspatamu, sakarini na asesulfami, wakati mwingine zote katika pakiti moja, na mzazi aliyemkatazia mwanawe soda kwa ajili ya meno anaamini kwamba amempa juisi ya embe. Ningependa hofu yote iliyomwangukia mama yangu ihamie hapa, kwenye kinywaji ambacho mtoto anakunywa kila siku bila mtu mzima kujua kilichomo.

Kuhusu kupungua uzito, nina maneno kwa wale wanaoisifu mno soda isiyo na sukari. Mwezi Mei wa mwaka huohuo wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari kwa ajili ya kudhibiti uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana, na tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi zilionyesha kwamba wanaovitumia sana hupata zaidi kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Mwongozo huo ulisema wazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari, jambo ambalo halikufika Kisesa. Pia shirika lenyewe liliuita ushauri wenye masharti, kwa sababu katika tafiti za namna hiyo ni vigumu kujua kipi kilitangulia. Ukisimama kwenye lango la hospitali ukawahesabu wanaotembelea mkongojo, utakuta karibu wote wana miguu inayouma, na itakuwa kosa kuulaumu mkongojo. Watu wengi huanza soda isiyo na sukari baada ya kuona uzito umepanda au baada ya daktari kuwaonya.

Ndiyo maana nayapa uzito zaidi majaribio ambamo watu hupangiwa cha kunywa. Nchini Uholanzi watoto 641 walipewa kila siku, kwa miezi 18, kinywaji cha mililita 250, wengine chenye sukari na wengine chenye vitamu mbadala, bila wao kujua kipi ni kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: waliokunywa kisicho na sukari waliongezeka uzito pungufu kwa takribani kilo moja kuliko wenzao. Ni faida ya kweli, na ni ndogo. Tena ilipatikana kwa sababu kinywaji kimoja kilichukua nafasi ya kingine. Kijana anayeagiza chipsi mayai, mishikaki sita na soda isiyo na sukari, akiamini kwamba soda imefuta vingine vyote, hajabadilisha kitu, ameongeza tu.

Shaka yangu kubwa zaidi iko tumboni. Mwaka 2022 watafiti wa Israeli walichapisha jaribio la watu wazima 120 wenye afya, wasiokuwa na mazoea ya vitamu hivi, ambao walipewa sakarini, sukralozi, aspatamu au stevia kwa wiki mbili. Vijidudu vya utumbo vilibadilika kwa wote waliopewa vitamu hivyo, na katika makundi ya sakarini na sukralozi mwili wa baadhi yao ulishughulikia sukari ya damu vibaya kuliko mwanzo. Wiki mbili na watu 120 ni kidogo kwa kutoa hukumu, lakini kwa familia yenye mgonjwa wa kisukari ni sababu ya kutosha ya kutozifanya soda hizi kuwa kinywaji cha kila siku. Meno nayo hayapati nafuu kamili, kwa sababu asidi ya soda ipo palepale hata sukari ikiondolewa, nayo hula gamba gumu la nje la jino. Na wako watu wachache wanaozaliwa na ugonjwa unaouzuia mwili kuvunja fenilalanini, ambayo imo ndani ya aspatamu; hao wasiiguse kabisa, na maandishi ya onyo kwenye chupa yamewekwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo nilipokaa na mama uani kwake mwezi ule wa Septemba, sikumwambia kwamba chupa yake ni salama kabisa, kwa sababu angejua kwamba namtuliza tu. Nilimwandikia hesabu ya kilo 70 nyuma ya kadi yake ya kliniki, nikamweleza habari ya ziwa na kina chake, na tukapatana: nyumbani ni maji na chai isiyotiwa sukari, ugenini na kwenye sherehe ni soda yake isiyo na sukari, chupa moja, na ile ya kawaida iwe ya siku ambayo sukari imeshuka na anatetemeka, kama alivyofundishwa kliniki. Alikubali kwa sharti kwamba mimi nizungumze na ndugu, kwa kuwa yeye hawezi kubishana na ukoo mzima. Januari iliyofuata kipimo kilisoma 8.1.

Desemba tunaozesha, na mimi nimo katika kamati ya vinywaji. Nimeomba kreti mbili za maji yaliyofungwa ziongezwe, na soda zisizo na sukari ziwekwe kwenye meza ya wazazi kabla wageni hawajaketi, zikiwa baridi kama nyingine, ili mzee yeyote mwenye kadi ya kliniki mfukoni asilazimike kumwita mhudumu na kujieleza mbele ya wakwe. Mweka hazina ameuliza kama hizo ndizo zile zinazoleta kansa. Nimemwomba dakika kumi katika kikao cha Jumamosi.