Antivairasi ikikaba kompyuta, swichi iwe mkononi mwa nani?

Umefungua folda yenye picha elfu kadhaa, mara feni inaanza kuvuma na kila kitu kinajikokota. Unaita Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi, na juu kabisa ya orodha umekaa mstari ulioandikwa Antimalware Service Executable. Hiyo ndiyo antivairasi ya Windows, inapiga kazi chinichini. Unaizima kwa hasira. Baada ya muda unakuta imejiwasha yenyewe, wala haikukuuliza.

Wanaolalamika husema mashine ni yao na wao ndio wenye neno la mwisho. Hoja ina uzito, ila ina tundu: programu haiwezi kutofautisha mkono wako na kirusi kilichoingia kwa akaunti yako. Virusi vingi vya kudai fidia hujaribu kwanza kuizima antivairasi, kisha ndipo vinaanza kufunga faili. Swichi iliyo nyepesi kwako ni nyepesi kwa mwizi pia. Ndiyo maana mwaka 2019 Microsoft ilileta Tamper Protection, kufuli linalokataa amri za kuzima ulinzi zinazopitia mlango wa nyuma. Mwenye kompyuta ya nyumbani bado anaweza kulifungua, mradi aingie mwenyewe kwenye mipangilio na kubonyeza.

Hata hivyo, wanaomshuku mlinzi hawabahatishi. Aprili 2010 sasisho la antivairasi ya McAfee liliiona svchost.exe, faili halali ya Windows XP, kuwa ni kirusi. Kompyuta zikabaki zinajizima na kujiwasha. Julai 19, 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, na viwanja vya ndege vikajaa abiria waliokwama. Lakini kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Mei 2017. Watafiti wa Google waligundua kwamba injini ya antivairasi ya Microsoft ingeweza kutekwa na faili iliyotengenezwa kwa hila, hata kama mtumiaji hakuifungua. Ilitosha mlinzi aikague. Na kwa kuwa mlinzi huyo ana mamlaka makubwa ndani ya mfumo, aliyemteka angekuwa ameiteka kompyuta nzima. Tundu lilizibwa ndani ya siku chache.

Kwa maoni yangu, tunabishana kuhusu swichi wakati kinachotuumiza mara nyingi ni ratiba na kasi. Ulinzi wa papo kwa papo hukagua faili inapoguswa. Ukaguzi wa ratiba ni kazi nyingine, na huo unaweza kuusogeza hadi saa ambayo hutumii mashine. Kuna pia mpangilio uitwao ScanAvgCPULoadFactor unaopunguza sehemu ya prosesa ambayo ukaguzi huo unajichukulia. Kwa kawaida huwa asilimia 50, na unaweza kuushusha hadi 5. Ni wastani tu, si ukuta, kwa hiyo usishangae namba ikiruka kidogo. Angalia tu usiandike 0 ukidhani umeinyima prosesa: 0 huondoa kikomo chenyewe. Umeifungulia zizi.

Kuna watu ambao hata ulinzi wa papo kwa papo unawaumiza kweli, hasa waandishi wa programu, ambao kila wakijenga mradi wanazalisha maelfu ya faili ndogondogo na kila moja inasimamishwa mlangoni. Kwa ajili yao Windows 11 ililetewa Dev Drive mwaka 2023, sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi zao: humo faili inafunguka kwanza, ukaguzi unafuata baadaye kidogo. Unapoteza sehemu ya usalama, unapata kasi, na unajua umebadilishana nini na nini.

Njia ya mkato wanayoikimbilia wengi ni kuruka folda, yaani kuiambia antivairasi isiguse mahali fulani. Folda moja ya mradi, sawa. Lakini nimeona mashine ambayo folda ya vitu vilivyopakuliwa intaneti, penyewe panapoingilia uchafu, ndiyo iliyosamehewa ukaguzi. Mwenyewe alikuwa amesahau. Aliiweka siku moja ili programu fulani ikubali kusakinishwa. Ruhusa hiyo haina tarehe ya kuisha, na Windows haikukumbushi kwamba uliitoa. Kama kuna kufuli ambalo ningewadai waundaji walete kesho, ni la hapo: niruhusu niruke folda kwa siku saba, kisha uniulize tena.