Njiwa si fezanti wa bei nafuu
Makala moja inasema kuwinda njiwa-mwitu Uingereza ni mazoezi tu ya kupiga fezanti, ndege wa mawindo mwenye mkia mrefu. Hapana. Kwa fezanti unasimama penye kigingi chenye namba ulichopangiwa, wakurupushaji (watu wanaotimua ndege vichakani) wanakuletea ndege, na kazi yako kubwa ni usalama: piga tu ndege mwenye anga nyuma yake, usipitishe mtutu kwenye mstari wa wenzako, na honi ya onyo ikilia acha kupiga kuelekea mbele, waliko wakurupushaji. Msimu England ni 1 Oktoba hadi 1 Februari, basi.

Kwa njiwa, shamba ulisome mwenyewe kwa darubini kabla ya siku yenyewe. Jenga kificho upepo ukiwa mgongoni, panga njiwa bandia 12 hivi kwa umbo la kiatu cha farasi, vichwa vikikabili upepo, uache uwazi katikati kama mita 20 mbele yako. Njiwa hutua akikabili upepo, kwa hiyo ataingia hapo hapo. Wakikata kona ghafla, usilaumu risasi: aghalabu ni bandia zinazong'aa kwa unyevu, maganda ya risasi yaliyotapakaa, au uso uliochungulia mapema (kofia si urembo). Na leseni ya jumla, yaani ruhusa ya serikali ya kupiga njiwa bila kuomba binafsi, inataka sababu, kama kulinda mazao. Mchezo haumo.